Alistaafu soka akiwa na miaka 24: Kisa cha Fabrice Muamba

WACHEZAJI wengi wa kulipwa hutundika daluga wanapokaribia umri wa miaka 35, wakati magoti yamechoka na vijana wa miaka 19 wanawapita mbio uwanjani. Fabrice Muamba hakupata muda huo. Alipotangaza mnamo Agosti 15, 2012 kwamba hangecheza tena, alikuwa na umri wa miaka 24. Huo ni umri ambao vijana wengi wa mijini ndio kwanza wametoka chuoni na wanazunguka na bahasha za vyeti wakitafuta kazi.

Kilichomtoa uwanjani hakikuwa goti bovu wala mguu uliovunjika. Haukuwa ulevi, wala hakugombana na kocha. Ulikuwa moyo wake, uliosimama mechi ikiendelea, mbele ya maelfu ya watu, na ukakaa dakika 78 bila kupiga wenyewe. Mechi nzima ya kandanda ni dakika 90.

Watu wengi humkumbuka Muamba kwa siku ile moja tu. Hata hivyo, inafaa kisa chake kisimuliwe tangu mwanzo, kwani kinagusa mambo mawili yanayoihusu kila familia yenye mtoto anayependa mpira. La kwanza ni nini cha kufanya kijana anapoanguka ghafla. La pili ni namna ya kujitayarisha kwa siku ambayo mpira utamwacha, maana siku hiyo humfikia kila mchezaji, awe wa mtaani au wa timu ya taifa.

Kutoka Kinshasa hadi London

Muamba alizaliwa Aprili 6, 1988 mjini Kinshasa, wakati nchi hiyo ingali ikiitwa Zaire. Baba yake alifanya kazi karibu na serikali ya Mobutu Sese Seko, na katika miaka ile ya 1990 utawala huo ulipoanza kuyumba, kazi ya namna hiyo iligeuka kuwa hatari. Mwaka 1994 baba huyo alitoroka nchi na hatimaye akapewa ruhusa ya kuishi Uingereza. Familia ilibaki nyuma.

Mobutu aling'olewa mamlakani Mei 1997 na majeshi ya Laurent-Désiré Kabila, na mwaka uliofuata vita vingine vikazuka. Mtoto Fabrice alikulia katika mji ambao mizinga ilisikika na watu walihama. Hakumtia baba yake machoni kwa miaka mitano. Mwaka 1999, akiwa na umri wa miaka 11, ndipo familia ilipoungana naye mashariki ya London.

Hebu fikiria hali ya mtoto huyo, msomaji. Anatoka mji wa joto ambako watu husema Kilingala na Kifaransa, anatua katika baridi ya Uingereza bila Kiingereza, na siku chache baadaye anaketishwa darasani na wenzake wanaocheka jambo asilolielewa. Wengi wangejikunyata nyuma ya darasa. Yeye aliisoma lugha hiyo hadi akaimudu, na baadaye akafaulu mitihani ya kidato cha juu katika Kiingereza, Kifaransa na Hisabati. Jambo hili tutalirudia, kwa sababu lilikuja kumfaa wakati ambapo miguu yake haikuweza kumsaidia tena.

Nje ya darasa alikuwa na lugha nyingine ambayo haikuhitaji kamusi. Alicheza mpira. Mwaka 2002 klabu ya Arsenal ilimchukua katika chuo chake cha vijana, na Oktoba 2005, akiwa na umri wa miaka 17, akaichezea timu ya wakubwa kwa mara ya kwanza katika mechi ya Kombe la Ligi dhidi ya Sunderland.

Kazi ya kiungo

Muamba alikuwa mchezaji wa kiungo, na hasa kiungo wa kukaba. Hii ni kazi ambayo shabiki wa kawaida huiona pale tu inapofanywa vibaya. Mshambulizi akifunga bao, jina lake huimbwa na picha yake huchapishwa magazetini. Kipa akiokoa penalti hubebwa juu juu. Kiungo mkabaji naye hukimbia kilomita kumi na zaidi katika mechi moja, akiziba mianya, akinyang'anya mipira na kuwapasia wenzake wenye kusifika. Akitoka uwanjani jezi imelowa, pengine hakuna aliyemtaja.

Arsenal ya siku zile ilikuwa na viungo wa kutosha, na Muamba aliichezea mara mbili tu. Agosti 2006 alikwenda Birmingham City kwa mkopo chini ya kocha Steve Bruce, akaisaidia kupanda hadi Ligi Kuu mwaka 2007, na klabu hiyo ikamnunua kabisa. Iliposhuka tena mwaka 2008, Bolton Wanderers wakamchukua, wakati huo wakifundishwa na Gary Megson. Alikuwa na umri wa miaka 20.

Huko Bolton ndiko alikojenga jina. Katika misimu yake mitatu ya kwanza alikuwa mmoja wa wachezaji ambao kocha hakupenda kuwaacha nje. Aliichezea timu ya taifa ya Uingereza ya vijana chini ya miaka 21 mara 33, idadi ambayo ni wachezaji wachache sana wamewahi kuifikia. Ukijumlisha mechi zake zote za klabu katika timu za wakubwa, zinapita 200. Kijana aliyefika nchini humo bila kujua kuomba maji kwa Kiingereza alikuwa sasa akivaa jezi ya nchi hiyo, na wajuzi wa kandanda walitarajia kwamba miaka yake bora ilikuwa bado mbele.

Jumamosi ya Machi 17

Siku hiyo, mwaka 2012, Bolton walikuwa wageni wa Tottenham Hotspur katika robo fainali ya Kombe la FA, kwenye uwanja wa zamani wa White Hart Lane uliobomolewa mwaka 2017. Matokeo yalikuwa 1-1 na mapumziko yalikuwa yamekaribia. Mpira ulikuwa mbali na Muamba. Hakuna aliyemgonga wala kumsukuma. Alianguka tu, kifudifudi, akatulia.

Mtu akianguka baada ya kukwatuliwa, huwa anajishika mahali panapouma na kugaagaa. Anayeanguka bila kuguswa na asijaribu hata kujikinga kwa mikono huwa na shida kubwa zaidi. Wachezaji waliokuwa karibu waliliona hilo mara moja, wakaanza kuita wahudumu. Refarii Howard Webb alisimamisha mchezo na matabibu wakakimbilia uwanjani.

Mashabiki, ambao dakika chache zilizopita walikuwa wakitukanana kwa nyimbo, walinyamaza. Kisha wa pande zote mbili wakaanza kuliimba jina lake. Wachezaji wengine walipiga magoti wakaomba, wengine wakaficha nyuso ndani ya jezi. Matabibu walikuwa wakikibonyeza kifua chake kwa nguvu, mara wanasimama ili mashine imshtue kwa umeme, mara wanaanza tena. Alibebwa kwa machela, na refarii akaivunja mechi. Hapakuwa na mtu aliyelalamika kwamba amepoteza nauli yake.

Daktari aliyetoka kwa mashabiki

Kati ya watazamaji alikuwamo Dkt Andrew Deaner, bingwa wa maradhi ya moyo, ambaye siku hiyo alikuja kama shabiki wa Tottenham na hakuwa kazini. Alipoona jinsi matabibu walivyokuwa wakifanya, alijua kwamba moyo umesimama. Alishuka kutoka kitini, akawaeleza walinzi wa uwanja yeye ni nani, nao wakamruhusu aingie.

Alijiunga na daktari wa Bolton, Jonathan Tobin, na wahudumu wengine. Neno lake moja lilikuwa na uzito mkubwa. Alishauri mgonjwa asipelekwe katika hospitali iliyokuwa karibu zaidi, bali London Chest Hospital alikokuwa akifanya kazi yeye mwenyewe, kwa kuwa huko kulikuwa na vifaa na wataalamu wa moyo. Naye akaingia katika ambulensi.

Muamba alishtuliwa kwa umeme mara 15: mara mbili uwanjani, mara moja kwenye njia ya kutokea uwanjani, na mara 12 ndani ya ambulensi. Dakika 48 zilipita tangu kuanguka hadi kufika hospitalini, na moyo ulikuwa bado haupigi. Zikapita nyingine 30 kabla haujaanza kudunda wenyewe. Dkt Tobin alisema baadaye kwamba kwa muda huo wote mchezaji wake alikuwa, kwa maana halisi, amekufa.

Jioni hiyo jina la Muamba lilizunguka dunia. Kesho yake Gary Cahill wa Chelsea, aliyewahi kucheza naye Bolton, alifunga bao na kuonyesha fulana yenye maneno ya kuwataka watu wamwombee. Real Madrid waliingia uwanjani wakiwa na fulana za kumtakia nafuu. Kocha wa Bolton, Owen Coyle, na nahodha Kevin Davies walikuwa wamefuatana na mgonjwa hadi hospitalini.

Swali lililowasumbua madaktari sasa lilikuwa jingine. Moyo umerudi, lakini je, ubongo? Ubongo ukikosa damu kwa dakika chache tu huanza kufa. Siku mbili baada ya kuanguka, Muamba aliamka. Dkt Deaner alimuuliza jina lake, naye akalitaja. Daktari akamwambia amesikia kwamba yeye ni mchezaji hodari sana. Mgonjwa akajibu kwamba hujaribu. Daktari huyo alikiri baadaye kwamba machozi yalimlengalenga.

Aprili 16 Muamba alitoka hospitalini kwa miguu yake.

Je, ubongo uliponea wapi?

Wengi waliuita muujiza, na hakuna wa kumzuia mtu kushukuru Mungu wake. Lakini muujiza huo ulipitia mikononi mwa watu, na inafaa tujue mikono hiyo ilifanya nini.

Moyo hupiga kwa sababu ya umeme mdogo unaozalishwa na moyo wenyewe. Umeme huo hupita kwa mpangilio, misuli ikajikaza pamoja na damu ikasukumwa. Mara nyingine mpangilio huo huvurugika, na badala ya kupiga, moyo hutetemeka tu ovyo. Damu haiendi popote. Katika sekunde chache mtu huzimia, na asiposaidiwa hufa. Hali hii ni tofauti na ule mshtuko wa moyo unaotokana na mshipa kuziba, ambao mgonjwa anaweza kuwa macho akilalamika kwamba kifua kinambana, ingawa mshtuko huo nao unaweza kuufanya moyo usimame.

Mikono inayobonyeza kifua hufanya kazi ya moyo. Kila mbonyezo husukuma damu kidogo hadi kwenye ubongo. Haiponyeshi, lakini inanunua muda, hadi mashine ya umeme iufanye moyo uache kutetemeka na uanze upya kwa utaratibu. Bila msaada wowote, uwezekano wa kupona hupungua kwa karibu asilimia 10 kila dakika inayopita. Muamba alikuwa akibonyezwa kifua tangu dakika za mwanzo, na hakuachwa hata kidogo kwa dakika zote 78. Huko ndiko ubongo wake ulikoponea.

Wengine hawakubahatika

Juni 26, 2003 mjini Lyon, Ufaransa, Marc-Vivien Foé wa Cameroon alianguka katika nusu fainali ya Kombe la Mabara dhidi ya Colombia. Naye alikuwa kiungo, naye hakuguswa na mtu. Alikufa akiwa na umri wa miaka 28. Uchunguzi ulionyesha kwamba misuli ya moyo wake ilikuwa minene kupita kiasi, ugonjwa ambao mara nyingi hurithiwa na ambao unaweza kukaa kimya kwa miaka mingi.

Aprili 14, 2012, siku mbili tu kabla Muamba hajatoka hospitalini, Piermario Morosini wa klabu ya Livorno ya Italia alianguka katika mechi mjini Pescara, akafa. Alikuwa kiungo pia, mwenye umri wa miaka 25.

Kisha yuko Christian Eriksen, kiungo wa Denmark, aliyeanguka Juni 12, 2021 mjini Copenhagen katika mechi dhidi ya Finland. Nahodha wake Simon Kjær alimfikia mapema, wachezaji wakasimama duara kumficha na kamera, na matabibu wakamrudisha duniani palepale nyasini. Eriksen alirudi uwanjani Februari 2022 akiichezea Brentford, akiwa na kifaa kidogo kilichowekwa kifuani ili kimshtue moyo ukivurugika tena. Katika Italia, alikokuwa akichezea Inter Milan, sheria haikumruhusu kucheza na kifaa hicho.

Muamba naye aliwekewa kifaa cha namna hiyo, lakini mioyo haifanani. Agosti 2012 alisafiri hadi Ubelgiji kuomba ushauri wa bingwa mwingine, akafanyiwa upasuaji, na jibu halikuwa alilolitarajia. Hapo ndipo alipotangaza kwamba amestaafu.

Kupimwa ni kinga kamili?

Mzazi anaweza kusema, basi mwanangu apimwe moyo na mambo yaishe. Kupimwa ni jambo jema. Italia imewalazimisha wanamichezo wa mashindano kupimwa tangu mwaka 1982. Uingereza nayo iliwapima vijana 11,168 waliokuwa wakijiunga na vyuo vya klabu kati ya 1996 na 2016, na matokeo yakachapishwa mwaka 2018. Vijana 42 walipatikana na kasoro ya moyo ambayo ingeweza kuwaua ghafla. Hao walitibiwa au wakashauriwa mapema.

Lakini uchunguzi huo ulionyesha jambo jingine. Miongoni mwa vijana wote waliopimwa, wanane walikufa baadaye kwa maradhi ya moyo, na sita kati ya hao wanane vipimo vyao havikuwa vimeonyesha kasoro yoyote. Muamba mwenyewe alikuwa amepimwa zaidi ya mara moja akaambiwa yu mzima. Kwa hiyo kipimo husaidia, lakini hakiondoi haja ya kuwa na watu wanaojua la kufanya uwanjani.

Vilevile zipo ishara ambazo hazihitaji mashine. Mtoto anayezimia akiwa anakimbia, si baada ya kusimama juani gwarideni bali katikati ya mbio, apelekwe kwa daktari. Kadhalika anayelalamika maumivu ya kifua akicheza, anayeishiwa pumzi kuliko wenzake wa rika lake, au anayesikia moyo ukienda mbio ovyo. Na ikiwa katika ukoo yuko mtu aliyekufa ghafla akiwa kijana bila sababu kujulikana, daktari aelezwe. Aghalabu mambo haya hupuuzwa. Mwalimu wa michezo husema mtoto ni mvivu, nyumbani huambiwa hakula, na wengine hukimbilia kusema amerogwa. Wakati huo ugonjwa unaendelea.

Ukiona mtu ameanguka

Viwanja vingi vya mitaa yetu na vya shule havina mashine ya kushtua moyo, wala ambulensi haikai langoni. Lakini mikono ipo. Haya ndiyo mafunzo ya msingi ambayo kila mwanafunzi wa sekondari anaweza kuyashika:

Kwanza, mtikise mabega na umwite kwa sauti. Asipojibu, tazama kama anapumua kwa kawaida. Pumzi za kukoroma, zinazokuja moja moja kwa mbali, si kupumua. Hizo ni dalili kwamba moyo umesimama.

Pili, mtume mtu mmoja, umtaje kwa jina, apige simu 999 au 112 na atafute gari. Ukisema tu "pigeni simu", kila mmoja atadhani mwenzake amepiga.

Tatu, mlaze chali mahali pagumu, piga magoti kando yake, weka kiganja kimoja juu ya kingine katikati ya kifua, nyosha viwiko na ubonyeze kwa nguvu na haraka. Kwa mtu mzima, kifua kishuke sentimita 5 hivi na kisizidi 6, kisha ukiache kipande chote. Mwendo uwe mibonyezo 100 hadi 120 kwa dakika, yaani karibu miwili kila sekunde.

Nne, usiache. Kazi hii huchosha upesi, kwa hiyo pokezaneni kila baada ya dakika mbili bila kupoteza wakati. Aliyefundishwa kupuliza pumzi mdomoni hubonyeza mara 30 kisha hupuliza mara mbili. Ambaye hakufundishwa abonyeze tu. Mashine ya umeme ikiletwa, iwasheni na kufuata maelekezo yake, kwani imetengenezwa ili hata asiye daktari aweze kuitumia.

Mambo yasiyofaa ni yale tunayoyaona kila siku: kumwagia maji, kumnywesha chochote, kumkalisha, na umati kumzunguka kila mtu akitoa amri. Wengine huogopa kumvunja mbavu. Ubavu uliovunjika hupona, lakini moyo ulioachwa umesimama hauwezi kuanza wenyewe. Shirika la Msalaba Mwekundu la Kenya na St John Ambulance hufundisha huduma ya kwanza, na chama cha wazazi cha shule yoyote kinaweza kuomba mafunzo hayo kwa walimu na manahodha wa timu.

Maisha baada ya mpira

Turudi kwa Muamba. Mei 2, 2012 alifika katika uwanja wa Bolton kuwatazama wenzake wakicheza na Tottenham, na uwanja mzima ukasimama kumshangilia huku machozi yakimtoka. Siku kumi na moja baadaye, Mei 13, Bolton walishuka daraja kwa kupungukiwa na pointi moja. Klabu ilikuwa imempoteza kiungo wake na mahali pake katika Ligi Kuu msimu uleule.

Kwa kijana wa miaka 24, hapo ndipo mtihani mgumu ulipoanza. Tangu utotoni alikuwa akiamka asubuhi akijua anakwenda mazoezini. Jina lake, marafiki zake na mshahara wake vyote vilitokana na mpira. Wachezaji wengi wanaoondolewa na majeraha wakiwa na umri huo huingia katika ulevi, hupoteza mali, au hujifungia ndani wakitazama kanda za mechi zao za zamani. Hapa kwetu tunawajua, na baadhi yao tunapishana nao mitaani kila siku. Waliwahi kushangiliwa na leo hakuna anayewauliza wamekula nini.

Muamba alikwenda shule. Alijiunga na Chuo Kikuu cha Staffordshire kusomea uandishi wa habari za michezo, akapata shahada mwaka 2015. Baadaye akaingia katika kazi ya kufundisha vijana kandanda. Aliyaweza hayo kwa sababu ile mitihani aliyoifanya akiwa chipukizi wa Arsenal, wakati ambapo wenziwe wengi wangeona vitabu ni mzigo, ilikuwa imemwachia mlango wazi. Laiti angekuwa ameacha masomo akiwa na miaka 15 kwa kuwa klabu kubwa imemtaka, angebisha hodi wapi?

Ubishi huu upo katika nyumba nyingi za Nairobi, Mombasa, Nakuru na Kisumu. Mtoto anasema kipaji chake kiko miguuni na shule inampotezea wakati. Mzazi anasema mpira si kazi, na viatu vinafichwa juu ya kabati. Pande zote mbili zina haki kidogo. Mpira ni kazi, na wapo Wakenya walioufanya hadi Ulaya, ndugu McDonald Mariga na Victor Wanyama wakiwa mfano, na wote wawili ni viungo. Lakini ni kazi fupi hata kwa mwenye bahati, kwani miaka 15 ni mingi, na inaweza kukatika Jumamosi moja alasiri bila mtu yeyote kukugusa.

Kwa hiyo mzazi, viatu vishushwe kutoka juu ya kabati, na vitabu vikae mezani pia. Nawe mwanafunzi unayeota kuwa kiungo wa timu ya taifa, endelea kukimbia, lakini kabla ya mazoezi ya wiki hii muulize kocha wako swali moja: mmoja wetu akianguka leo, nani kati yetu anajua kubonyeza kifua? Ikiwa jibu ni hakuna, basi timu yenu ina pengo kubwa kuliko la mshambulizi, na pengo hilo mnaweza kuliziba bila kununua mchezaji.